Daktari wa Clairwood na Ulimi wa Dada Esta

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya barua tatu nzuri na simu moja mbaya. Barua zilitoka kwa dada yangu Esta, aliyeolewa na Mkongo wa Kalemie na kuhamia naye Durban, Afrika Kusini, ambako anasuka nywele saluni. Zote tatu zilikuwa na maneno yale yale: sisi huku hatujambo kabisa, hofu ni juu yenu tu. Simu ilitoka kwa mumewe, shemeji Mulamba. Aliipiga parokiani, na katekista akaja mbio kuniita darasani.

"Shemeji, Esta iko mugonjwa," alisema. "Ni cancer ya sein. Hospitali wanamupa sindano, alishapata mbili, ya tatu anakatala. Anasema dawa ya Muchina inatosha. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Kuya, shemeji."

Saratani ya titi. Nilisimama pale na mkono wa simu sikioni hata baada ya laini kukatika. Kisha nikakasirika, maana ndivyo nilivyoumbwa. Badala ya kulia mimi hukasirika. Nilimkasirikia dada kwa kuficha, na huyo Mchina nikamkasirikia zaidi. Nilishamwona kichwani mwangu: tapeli mwenye chupa za rangi rangi, anayemtoa mtu hospitali kwa maneno matamu. Nikaapa kwamba nikifika nitamwonyesha ualimu wangu.

Mama sikumwambia. Nilimdanganya kwamba Esta ana kazi nyingi saluni na anataka nimsaidie wiki chache. Mama aliniangalia kwa muda, kisha akaenda kufunga migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, kwenye gazeti. "Mwambie hatujambo," alisema. "Na mguu wangu usiutaje, usije ukamtia wasiwasi bure." Mguu huo ulikuwa umevimba tangu Pasaka. Mwalimu mkuu aliniongezea wiki tatu juu ya likizo, na alipouliza kwetu kuna nini, nilimjibu hakuna neno.

Siku ya kwanza mpaka ya tatu nilikuwa kwenye meli, tukishuka na Ziwa Tanganyika kuelekea Mpulungu. Nilikaa sitaha ya chini katikati ya magunia ya dagaa, na mpaka leo sweta langu la kijani likiloa maji hutoa harufu ile. Kutoka Mpulungu nilipanda lori hadi Kasama, na Kasama nikapanda treni ya Tazara, reli iliyojengwa na Wachina pamoja na watu wetu nilipokuwa bado shule ya msingi. Treni iliishia Kapiri, na kuanzia hapo safari ikawa ya mabasi na foleni za mihuri mipakani. Chirundu walifungua migebuka yangu, Harare nililala kwa masista, Beitbridge walifungua migebuka tena, na afisa mmoja akaomba wawili. Nilimpa mmoja.

Siku ya kumi, asubuhi, basi liliingia Durban. Ulikuwa mwezi wa Julai, ambao huko ni baridi, ila baridi ya Durban ni ya kujisifia tu. Mtu wa milima ya Kasulu angetembea na fulana. Shemeji Mulamba alikuwa kituoni, amekonda. Tulitembea hadi ghorofa lao, na kila tulipofika kwenye taa za barabarani alinishika mkono: "Ngoja robot kwanza, shemeji. Hapa gari haina huruma."

Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa wigi nzuri, amepaka poda, rangi ya mdomo na manukato, na alinikumbatia akacheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo kabisa. Habari za mama?"

"Nzuri tu, anakusalimu."

"Mguu wake?"

"Mguu gani? Mzima."

Basi tulisimama pale watu wazima wawili tukidanganyana kwa adabu zote tulizofundishwa. Alipoinama kuchukua begi langu, wigi ikasogea, nikaona kichwa kitupu kinachong'aa. Msusi hana nywele. Akairudisha mahali pake kama mtu aliyezoea.

Siku mbili hakutaka kuzungumza. Nikimuuliza juu ya hospitali, anatia maji kwenye birika. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa kitandani, alifunguka. Uvimbe ulianza upande wa kushoto, akauficha mwezi mzima akiona haya. Hospitali ya serikali walimkata kipande kidogo cha uvimbe wakapima, wakamweleza jina la ugonjwa, wakapanga sindano sita za kupitia dripu, moja kila wiki tatu, uvimbe usinyae kwanza ndipo wapasue. Ya kwanza ilimtapisha siku nne. Ya pili ikaondoa nywele na hamu ya chakula, hata maji yakawa na ladha ya chuma.

"Yustina," alisema, "ile dawa inaniua kabla ya ugonjwa. Kwa Mchina sitapiki. Nimekwenda mara mbili na kila nikienda naona nafuu. Sindano ya tatu ni Jumanne ijayo, na siendi. Usinirudishe tena kwenye maneno hayo, tafadhali."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na siku sita. Nikamwambia sawa, lakini kwa Mchina wako nitakwenda na wewe. Nilikusudia ugomvi.

Alhamisi asubuhi tulijiandaa. Hapa lazima nikiri kosa langu mwenyewe. Shuleni kwetu mimi ndiye mwalimu wa usafi. Kila Jumatatu napita mstarini nikikagua kucha, meno na ulimi, na mtoto mwenye utando ulimini namrudisha bombani. Nilimkuta dada bafuni anakwangua ulimi kwa ukingo wa kijiko, nikauona bado una weupe nyuma kule, nikamwambia unakwendaje kwa daktari na ulimi huo? Nikachukua kijiko nikaumalizia mwenyewe. Ulitoka mwekundu safi. Akapaka poda, akapaka mdomo, akajipulizia manukato shingoni na viganjani, tukatoka pamoja na shemeji.

Clairwood ni mahali pa malori. Tuliposhuka kwenye taxi tulipita maghala na maghala, makontena ya bandarini yamepangwa hadi juu, na matela yanarudi kinyumenyume huku watu wanapiga kelele. Nikasema moyoni, daktari gani huyu anayekaa stoo? Tuliingia ghala la chupa za chai na mabakuli, mali ya mtoto wa daktari, tukapita kati ya maboksi hadi mlango wa nyuma. Kelele zote zikakatika. Kulikuwa na chumba cheupe, kitanda chembamba, meza, na ukuta mzima wa vidroo vidogo vya mbao, kila kimoja na karatasi ya maandishi yao. Harufu ilikuwa ya udongo mkavu, maganda ya machungwa na tangawizi. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, nywele zimekatwa hadi masikioni, koti jeupe limepigwa pasi. Wanamwita Daktari Liu. Kwao alifanya kazi miaka mingi kwenye hospitali ambamo tiba yao ya asili na tiba ya kisasa zilikuwa chini ya paa moja, ghorofa tofauti. Alistaafu, akamfuata mwanawe.

Kiingereza chake kilikuwa cha polepole kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Shemeji Mulamba alikuwa akimtafsiria dada kwa Kiswahili.

Aliuliza, dada amelala vipi.

"Nzuri," dada alisema.

Anakula?

"Nakula vizuri."

Choo? Kiu? Jasho? Moyo, una huzuni?

"Nzuri. Hapana. Salama tu. Namshukuru Mungu."

Shemeji akatafsiri kama mtu mwaminifu: fine, fine, fine. Kuna dawa nyingine anayokunywa? Hakuna. Daktari akamwomba atoe ulimi, akautazama dirishani, akamtazama na uso. Kisha akaweka mkono wa dada juu ya mto mdogo na kuushika kwa vidole vitatu. Alifumba macho. Akashika mkono wa pili. Nilihesabu pumzi zangu nikachoka. Lori lilipita nje, glasi zikatetema, naye hakufumbua. Alipofumbua, alirudi mkono wa kwanza akaanza upya.

Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Mimi nina milango minne ya kumfikia mgonjwa," alisema, akiniangalia mimi. "Natazama. Nasikiliza na kunusa. Nauliza. Nashika mshipa. Mlango wa kwanza umepakwa rangi. Wa pili unanukia maua. Wa tatu unasema fine. Mlango wa nne, huu hapa," akagusa kifundo cha mkono wa dada, "unasema mwanamke huyu hali, halali, na anaogopa sana. Mara mbili nimempa dawa nikiamini milango mitatu. Nimekosea. Leo sitoi dawa."

Shemeji alisita kutafsiri. Nilitafsiri mimi. Dada akainamisha kichwa.

Ule ugomvi wangu niliokuja nao ulipotea wapi sijui. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyekamatwa. Nikanyoosha kidole kabisa, kama darasani, nikasema, "Daktari, ulimi nimeukwangua mimi. Leo asubuhi. Kwa kijiko."

Alinitazama, kisha akacheka, meno madogo yote nje. "Kwa nini?"

"Ni adabu. Kwetu huendi mbele ya mtu wa heshima na ulimi mchafu. Na mtu akikuuliza habari, unaanza na nzuri, hata kama nyumba inaungua. Ndiyo salamu."

"Huo uchafu," alisema Daktari Liu, "ndio barua yangu. Unaiosha kabla sijaisoma."

Alituambia turudi kesho saa ile ile. Dada asikwangue ulimi, asipake kitu usoni, asijipulizie manukato, asinywe chai nyeusi wala chochote chenye rangi. Alete karatasi zote za hospitali, na chochote anachokunywa, hata kama ni maji ya kanisani. Alipotusindikiza aliniuliza nimefikaje kutoka mbali hivyo. Nilipomtajia ile treni kutoka Kasama, alisimama katikati ya maboksi. Kaka yake alikuwa fundi wa reli ile, alikaa miaka mitatu upande wa Mbeya, na alirudi nyumbani anajua neno moja la Kiswahili: pole. Akalisema sawasawa kabisa, akimtazama dada.

Njiani kurudi tulishuka Warwick, kwenye soko lile kubwa linalochanganya stendi, wachuuzi na wapagazi, tukapita kwa kina mama wa mitishamba ya Kizulu waliotandaza mizizi na magome. Dada alisimama kwa mmoja, akaniambia bila kunitazama, "Hapa ndipo Mama Solange wa kanisani aliponinunulia chupa ya dawa. Iko chini ya kitanda. Nakunywa kijiko asubuhi na jioni."

"Umemwambia nani?"

"Nani aniulize? Hospitali nilisema hakuna. Kwa Mchina nikasema hakuna."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo naandika ubaoni kila mwaka, na watoto wanainakili kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa asubuhi dada alitoka chumbani bila wigi, kitambaa tu kichwani. Uso usio na poda ulikuwa na rangi ya majivu, midomo imepasuka pembeni. Sikuwa nimemwona. Siku tano nilikaa naye nyumba moja, na sikuwa nimemwona. Shemeji alijishughulisha na kamba za viatu kwa muda mrefu mno.

Kwa daktari, dada alitoa ulimi. Ulikuwa mnene, umevimba kingo zikabeba alama za meno, na juu yake utando mzito mweupe unaogeuka njano katikati. Daktari Liu aliinama karibu. "Aa," alisema kwa upole. "Sasa nakuona."

Halafu akauliza upya: umelala vipi? Dada alifungua mdomo, na nikaona neno "nzuri" linakuja kwa mazoea, likasimama. Akaanza kulia. Alisema hajalala vizuri tangu Mei. Alisema anatapika bafuni akifungua maji ili mumewe asisikie, miguu inawaka, na chakula anakitia mfukoni. Alisema anaogopa kufa Durban, azikwe mahali mama asipoweza kufika kwa mguu wake ule. Kumbe mguu aliujua, jirani alimwandikia. Shemeji alikuwa akitafsiri mpaka akashindwa, akasema tu, "Eish, mama Furaha. Eish," na kumshika bega. Furaha ni binti yao, anayesoma bweni Pietermaritzburg.

Daktari hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alivuta kiti, akatueleza ugonjwa huo wao wanauonaje. Nilimwomba aende taratibu nikaandika, na haya nimeyatoa kwenye daftari langu.

Alisema kwao mwili ni shamba lenye mifereji. Ndani ya mifereji inapita damu, na pamoja na damu inapita nguvu ya uhai, ambayo wao huiita chi. Maji yakitembea, shamba lina afya. Yakituama kwa muda mrefu yanakuwa tope, tope likikaa linakuwa jiwe. Uvimbe ni jiwe. Kwa hiyo wao hawaulizi jiwe ni kubwa kiasi gani tu. Wanauliza maji yalisimama wapi, na kwa nini shamba lilikosa nguvu ya kuyasukuma. Njia inayopita kwenye titi, kwa hesabu zao, ni ya ini na ya tumbo, na wanaamini hasira na huzuni zinazomezwa hufunga njia ya ini kama fundo kwenye kamba.

"Kwa hiyo nimejiletea mwenyewe?" dada aliuliza.

"Hapana," alisema upesi. "Mvua, mbegu, udongo, bahati. Vitu vingi. Shamba haliulizwi kosa lake. Linasaidiwa."

Na kusaidiwa kwenyewe ni kwa namna mbili, alisema: kuimarisha kilicho chema na kufukuza kilicho kibaya. Mgonjwa mwenye nguvu unaweza kufukuza zaidi, aliyechoka unaimarisha kwanza. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kuondoka kwake na dawa mbili tofauti, na mtu mmoja akirudi baada ya wiki dawa yake hubadilika. Hilo lilinipendeza sana kama mwalimu. Nina watoto hamsini na tano darasani, na somo moja kwa wote.

Ndipo dada akauliza alichotaka kuuliza siku zote. "Basi, daktari, niache hospitali? Wewe uliondoe jiwe."

Shemeji alitafsiri akitazama sakafu.

Daktari Liu alichukua karatasi za hospitali, akazisoma moja moja, akazipanga vizuri. "Jiwe lako," alisema, "majani yangu hayalivunji. Hospitali wana nyundo. Nyundo inavunja jiwe na inaumiza shamba, hilo ni kweli, hukudanganya. Kazi yangu ni shamba. Usimame uvumilie nyundo mpaka mwisho. Ukiacha hospitali, na mimi nafunga mlango." Akaziweka karatasi kando. "Nilipokuwa kijana nilimwahidi mwanamke mmoja kwamba nitaliyeyusha. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Sasa siahidi."

Nilimwangalia yule mama mfupi ambaye nilimwita tapeli kwa umbali wa nchi nne, nikaona aibu, na nikampenda.

Ile chupa ya Warwick aliinusa, akatikisa kichwa. Hakuitukana. Alisema huenda ni dawa nzuri ya jambo fulani na aliyeichimba anajua kazi yake, lakini yeye haijui, na daktari wa hospitali haijui, na ini la dada sasa lina wageni wengi. Iwekwe kando. Akaandika kwa Kiingereza kila kitu atakachompa, karatasi ionyeshwe hospitali Jumanne kabla ya dada kumeza chochote.

Kisha alifungua vidroo. Alitoa mizizi ya manjano iliyokatwa vipande virefu, ya kutia nguvu, tende ndogo nyekundu zilizokauka, za damu, maganda makuukuu ya machungwa, ya kutuliza tumbo, tangawizi, na kitu cheupe kama chaki ambacho alisema ni uyoga. Alipima kwa mizani ya mkono ya shaba, akagawa kwenye karatasi saba kwa jicho lisilokosea. Ichemshwe mara mbili, maji ya kwanza na ya pili yachanganywe, tena kwenye chungu cha udongo, si sufuria ya alumini. Shemeji alisema atakwenda Chatsworth, Wahindi wa huko wanauza vyungu vizuri. "Sharp, sawa," akajiambia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona mabega yake yameshuka.

Jumatatu, siku iliyotangulia sindano ya hospitali, Daktari Liu alimchoma dada sindano zake nyembamba kama unywele: mbili upande wa ndani wa mikono, vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, na mbili chini ya magoti. Dada alisema hazimuumi, ila anahisi uzito, kama mtu ameweka sarafu juu ya ngozi. Akasinzia pale pale, na malori yanapiga honi nje. Aliamka baada ya nusu saa akaomba chakula, na shemeji akakimbia kununua vetkoek mbili, maandazi ya huko, barabarani. Alikula moja yote.

Jumanne tulikwenda hospitali. Muuguzi aliposema "How are you, my dear?" dada alimjibu kwa Kiingereza chake kifupi: "Not fine." Akatoa karatasi ya Daktari Liu, akataja na ile chupa ya Warwick. Daktari wa zamu, kijana Mhindi mwenye macho ya kukosa usingizi, aliisoma kwa makini kuliko nilivyotegemea. Alisema mizizi na tende asinywe siku za sindano na siku mbili baadaye, wasije wakashindwa kujua kipi kinafanya nini. Tangawizi na sindano nyembamba hana neno nazo. Tena akasema kama angejua mapema kwamba anatapika siku nne, kulikuwa na vidonge vya kutuliza. Vilikuwepo siku zote. Hawakumpa kwa sababu kila walipomuuliza alisema fine.

Alitapika siku ile na siku iliyofuata. Siku ya tatu alikula ugali na mgebuka wa mama, kidogo, akisema una ladha ya mgebuka na si ya chuma. Siwezi kuapa kilichomsaidia ni nini, vidonge, sindano nyembamba, tangawizi au kusema. Daktari Liu mwenyewe nilipomuuliza alinyanyua mabega. "Mtu anakula. Wewe unataka kujua nani ashangiliwe?"

Nilikaa Durban wiki mbili zaidi. Kila asubuhi chungu cha Chatsworth kilichemka, ghorofa zima likanuka kama msitu uliolowa, na majirani wa Kirundi wa chumba cha pili wakaja kuuliza tunapika nini. Dada alikunywa akikunja uso, kwa maana dawa hiyo ni chungu kuliko shubiri, na kila asubuhi alinitolea ulimi dirishani. Mimi, mkaguzi wa usafi, nilijifunza kuusoma utando: leo umepungua njano, leo alama za meno bado zipo. Uvimbe ulikuwa palepale, na sindano tatu zilikuwa mbele yake, na upasuaji. Hakuna aliyesema atapona. Lakini tarehe ya sindano ya nne aliiandika mwenyewe ukutani.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi kituo cha mabasi, kitambaa kichwani, bila poda. Nilimuuliza nimwambie mama nini. Mpaka hapo tulikuwa tumekubaliana asiambiwe kitu.

Alinipa begi langu. "Mama akikuuliza habari zangu," alisema, "usinisafishe."

Njia ya kurudi ni ile ile, na sitaichosha tena kalamu. Nasema tu kwamba kati ya Kapiri na Kasama nilikaa dirishani nikamfikiria yule fundi aliyerudi kwao na neno moja. Mimi nilirudi na daftari limejaa. Nilichojifunza hakinifanyi mganga. Kama kuna mtu wetu ana uvimbe, nitamwambia aende hospitali upesi, na asiache. Ila nitamwambia pia kwamba nimeona tiba inayomkalia mgonjwa kimya na kumshika mkono mpaka aonekane, na kwamba tiba zote mbili, ile ya vidroo na ile ya dripu, zilikwama mahali pamoja: kwenye adabu zetu. Jumatatu ya kwanza shuleni nilikagua kucha na meno. Ulimi niliacha.

Mama nilimkuta uani, mguu juu ya kigoda.

"Habari za huko?"

"Nzuri, mama," nikasema, kwa kuwa mdomo una njia yake. Nikaweka begi chini. "Hapana. Si nzuri. Esta ana saratani ya titi. Anatibiwa. Anaumwa sana na anaogopa."

Hakupiga kelele. Alisema, "Barua tatu, hakuna hata moja iliyolalamika mvua. Nilijua." Kisha akaomba fimbo yake, nikamshika mkono, tukaenda posta polepole, tukisimama kila baada ya hatua chache. Karani alituunganisha. Mama alishika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Esta. Umelala vipi, mwanangu?"

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia. Laini ilikwaruza, ikanyamaza, halafu sauti ya dada ikaja ndogo lakini safi.

"Vibaya, mama."

Mama alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

"Ahsante," alisema. "Na mimi mguu unaniuma tangu Pasaka. Sasa niambie yote."